Chemshabongo za Mtandaoni na Wasomaji Wenye Disleksia: Mfano wa Kwale na Pwani ya Kusini ya Kenya

1. Utangulizi

Chemshabongo ni kipimo cha maarifa kilichovikwa vazi la mchezo. Anayeulizwa hutakiwa aonyeshe anachokijua, na raha yake imo katika kule kujua au kukaribia kujua. Lakini chemshabongo inapoandikwa, na hasa inapotiwa katika simu au kompyuta, kipimo cha pili huingia ndani yake bila ya kutangazwa, nacho ni uwezo wa kusoma upesi. Mchezaji asiyesoma upesi hushindwa kabla ya kulifikia swali lenyewe. Huandikiwa kwamba hajui, ilhali kilichopimwa hakikuwa ujuzi wake.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jambo hilo linavyowapata watu wenye disleksia, yaani ugumu mahususi wa kusoma na kuandika, na namna chemshabongo na michezo ya mtandaoni ya Kiswahili inavyoweza kutengenezwa ili isiwafungie mlango. Mifano mingi imechukuliwa kutoka Kaunti ya Kwale, kuanzia Diani na Msambweni hadi Vanga na Lunga Lunga. Eneo hilo limechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, watoto wake wengi huja shuleni na lugha nyingine ya nyumbani, kama vile Chidigo au Chiduruma, au na lahaja ya Kiswahili isiyo sanifu, kama Kivumba na Kichifundi. Pili, usomaji wa watoto wa Kwale umewahi kuchunguzwa kwa makini. Tatu, ng'ambo ya mpaka tu, katika Mkoa wa Tanga, ndiko kulikofanywa mojawapo ya majaribio makubwa ya michezo ya kufundishia kusoma kwa Kiswahili.

2. Disleksia ni nini

Neno hili lilianza kutumiwa na Rudolf Berlin, daktari wa macho wa Kijerumani, katika miaka ya 1880. Mwaka 1896 daktari wa Kiingereza, W. Pringle Morgan, alimweleza mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mwerevu na hodari wa hesabu, lakini aliyeshindwa kusoma hata maneno mafupi. Madaktari wa wakati huo walidhani kwamba kasoro iko katika kuona maneno. Utafiti wa miongo iliyofuata umeonyesha kwamba kwa watu wengi wenye hali hii chanzo kikuu hakimo machoni. Kimo katika namna akili inavyozishughulikia sauti za lugha: kuzitenga, kuzipanga, na kuzifunganisha na herufi zake upesi bila ya kufikiri.

Yafaa ieleweke mambo matatu. Disleksia si uzito wa akili, kwani mtu mwenye akili nyingi aweza kuwa nayo. Si uvivu, wala haiponywi kwa viboko. Tena si hali ya kuona herufi kinyumenyume, kama wengi wanavyodhani. Kuchanganya b na d ni jambo la kawaida kwa kila mtoto anayeanza kusoma, ila mwenye disleksia huchelewa zaidi kuliacha. Makadirio ya kawaida hutaja kati ya asilimia 5 na 10 ya watu, kutegemea mstari wa kipimo unapochorwa. Katika darasa la watoto 50, basi, huenda wakawamo wawili hadi watano.

Hali hii haiishi utotoni. Kijana wa Ukunda anayetafuta kazi hotelini aweza kutakiwa ajibu maswali kwenye simu kwa muda uliopimwa. Akishindwa, hakuna atakayejua kama alishindwa na kazi au alishindwa na herufi.

3. Disleksia katika maandishi ya Kiswahili

Hoja moja husikika mara kwa mara: kwamba Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, na kwa hiyo disleksia ni tatizo la Kiingereza. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli kwa kiasi kikubwa. Tahajia sanifu, ambayo Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilipewa kazi ya kuieneza, ina irabu tano zisizobadilika sauti, na karibu kila herufi au jozi ya herufi ina sauti moja. Nusu ya pili ya hoja si sahihi.

Mwaka 1993 Heinz Wimmer alionyesha kwamba watoto wenye disleksia wanaosoma Kijerumani, ambacho tahajia yake ni ya wazi kuliko ya Kiingereza, hawakosei maneno mengi. Huyasoma kwa usahihi, lakini polepole mno. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake waliwalinganisha watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitalia walisoma vizuri kuliko wenzao kwa kuwa maandishi yao ni rahisi, lakini ubongo wa makundi yote matatu ulionyesha upungufu ule ule wakati wa kusoma. Tahajia iliyo wazi, basi, haiondoi disleksia, bali huigeuza sura. Mahali ambapo Mwingereza hukosea neno, msomaji wa lugha yenye tahajia wazi hulipata neno, lakini kwa kuchelewa.

Kwa Kiswahili jambo hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu maneno yake ni marefu na hubeba mengi. Neno moja kama *hawatatusahau* lina ukanushi, mtenda, wakati, mtendwa na mzizi. Ndiyo sababu vipimo vya Kenya vya usomaji wa madarasa ya chini vilivyotumiwa na mradi wa Tusome, ulioanza mwaka 2015, viliweka lengo la maneno 45 kwa dakika katika Kiswahili na 65 katika Kiingereza. Mchezo uliotungwa kwa Kiingereza ukatafsiriwa bila ya kubadilishwa muda wake huwa umemdhulumu kila msomaji wa Kiswahili, na mwenye disleksia humdhulumu mara mbili.

Aidha, tofauti ndogo ya herufi katika Kiswahili huleta tofauti kubwa ya maana. *Anapika, anapiga, anapita* na *anapata* hutofautiana kwa herufi moja au mbili. *Walipokuja* na *wasipokuja* hutofautiana kwa silabi moja iliyofichika katikati ya neno. Msomaji mwenye disleksia aghalabu huudaka mwanzo wa neno na mzizi wake, na kilicho katikati akakikisia. Ukanushi ukiwa ndicho kilichofichika hapo katikati, atalijibu swali kinyume ingawa analijua jibu.

Hata hivyo, si kila kosa ni dalili ya disleksia. Katie Alcock na Damaris Ngorosho walieleza mwaka 2003 kwamba hata tahajia iliyonyooka kama ya Kiswahili haijifunzwi bila ya taabu. Mtoto wa Msambweni anayezungumza Chidigo nyumbani aweza kuandika *mutu* mahali pa *mtu*, au *chitu* mahali pa *kitu*. Hilo ni kosa la kanuni: mtoto ameandika alichokisikia kwa lugha ya mama yake, na ameandika sawasawa. Anayeandika *Msabweni* leo, *Msambeni* kesho na *Mbasweni* kesho kutwa, ilhali hulitamka jina hilo bila ya taabu, anaonyesha jambo jingine.

Kuna pia mtoto ambaye hakufundishwa vya kutosha. Kati ya mwaka 2010 na 2012 mradi uliojulikana kwa jina la HALI ulifanywa katika shule 101 za msingi za Kwale na Msambweni. Walimu wa madarasa ya chini katika baadhi ya shule hizo walipewa mafunzo ya kufundisha kusoma, na kila wiki walitumiwa ujumbe mfupi wa simu wa kuwakumbusha na kuwatia moyo. Watoto wao walisoma vizuri zaidi kuliko wa shule nyingine, na walioacha shule walikuwa wachache zaidi. Matokeo hayo yanafundisha kwamba watoto wengi walioonekana hawawezi walikuwa wamekosa mafundisho tu. Yanafundisha pia kwamba mtoto asiyesoma huacha shule. Kwa mtengenezaji wa mchezo, tofauti kati ya mwenye disleksia, mwenye lugha nyingine ya nyumbani na asiyefundishwa ni muhimu kuijua, lakini si lazima aipime. Mlango ukiwa mpana, wote watatu watapita.

4. Mahali mchezo unapomkwamisha mchezaji

Vikwazo vikuu vya chemshabongo za mtandaoni ni vinne.

Cha kwanza ni saa. Chukua swali la maneno 30 lenye majibu manne ya maneno matano kila moja. Jumla ni maneno 50. Msomaji wa maneno 45 kwa dakika atahitaji takriban sekunde 67 kuyasoma, kabla hajafikiri lolote. Msomaji wa maneno 20 kwa dakika atahitaji sekunde 150. Mchezo unaotoa sekunde 20 huwa umewashinda wote wawili, ila wa kwanza ataponea kwa kurukaruka na kubahatisha, na wa pili hataponea. Michezo mingine huzidisha kwa kumpa alama nyingi zaidi anayetangulia. Kahoot!, mchezo uliotoka Norway mwaka 2013 na kuenea madarasani duniani, ulijengwa juu ya msingi huo. Tena, katika umbo lake la awali, swali na majibu viliwekwa kwenye skrini kubwa mbele ya darasa, na simu ya mchezaji ikaonyesha rangi na maumbo tu. Mchezaji ilimbidi asome mbali, akumbuke, kisha ashuke na macho hadi mkononi, huku saa ikienda.

Cha pili ni ukimya. Maandishi yasiyo na sauti humwachia msomaji mlango mmoja tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Eneza Education ya Kenya ilianza kupeleka masomo na maswali kwa ujumbe mfupi wa simu, hata kwa wenye simu zisizo na intaneti. Ulikuwa msaada mkubwa kwa vijiji vilivyo mbali. Lakini ujumbe mfupi mmoja una nafasi ya herufi 160, hauna sauti, na herufi zake haziwezi kupanuliwa. Kwa Kiswahili chenye maneno marefu, nafasi hiyo hulazimisha vifupisho, na kifupisho ni fumbo ndani ya fumbo kwa mwenye disleksia. Nafuu yake ni kwamba ujumbe hausukumwi na saa, na waweza kusomwa tena na tena.

Cha tatu ni utungaji wa swali. Katika swali la kisiwa kilicho mkabala wa Shimoni, majibu *Wasini, Funzi, Chale* na *Pemba* hupima ujuzi wa pwani. Majibu *Wasini, Wasani, Wesini* na *Wasina* hupima macho tu. Mvuvi aliyezaliwa Shimoni na anayevuka mkono huo wa bahari kila siku aweza kulikosa swali la pili.

Cha nne ni usahihishaji wa mashine. Mchezo unapodai jibu liandikwe, aghalabu hulinganisha herufi kwa herufi. Mtoto aliyeandika *Msabweni* huambiwa amekosa, sawa na aliyeandika *Nairobi*. Mwalimu yeyote angeitambua tofauti.

5. Kitendawili kama kielelezo

Kabla ya kutafuta vielelezo mbali, inafaa kuutazama mchezo wa maswali uliokuwapo pwani kabla ya herufi kuingia mchezoni. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Hadhira hujibu, "Tega!" Swali hutolewa kwa sauti na kwa maneno machache: "Nyumba yangu haina mlango." Asiyesikia huomba lirudiwe. Wanaojibu hujaribu mmoja mmoja, na jibu lisilo sahihi halimtoi mtu mchezoni. Wote wakishindwa, mtegaji hudai mji. Hupewa mji, akaukataa au akaukubali, akajisifu kidogo kwa safari yake huko, kisha akatoa jibu: yai. Mchezo huendelea.

Katika utaratibu huo swali ni fupi na huja kwa sauti. Laweza kurudiwa. Kushindwa kuna gharama, nayo ni mji, lakini gharama hiyo hulipwa kwa kicheko. Na jibu hutolewa mwishoni, hivyo kwamba aliyeshindwa hutoka na maarifa. Hayo ni mambo ambayo wataalamu wa leo huyapendekeza kwa michezo ya mtandaoni, na watoto wa Kwale waliyajua barazani.

Hata hivyo, kitendawili hakifai kuigwa chote. Sauti hupita na kutoweka, na watu wengi wenye disleksia hupata taabu kuyashika kichwani maneno mengi kwa pamoja. Kitendawili kimoja kifupi hakiwalemei, lakini swali refu lenye majibu manne likisomwa kwa mfululizo litawalemea. Kwa hiyo chombo bora ni kile kinachounganisha sauti na maandishi, kila kimoja kikikisaidia kingine.

6. Kanuni za utengenezaji

Jaribio la Tanga lilithibitisha kwamba jambo hilo linawezekana kwa Kiswahili. Shindano la Global Learning XPRIZE lilitangazwa mwaka 2014, na kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017 michezo mitano iliyoteuliwa ilijaribiwa kwa miezi 15 katika vijiji takriban 170 vya mkoa huo. Watoto wapatao 2,700 walipewa tableti, na vituo vya umeme wa jua viliwekwa kwa ajili ya kuzichaji. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma neno moja la Kiswahili mwanzoni, na mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwaka 2019 ushindi uligawanywa kati ya Kitkit School na onebillion. Kwa kuwa wachezaji hawakujua kusoma, na mwalimu hakuwapo, maelekezo hayangeweza kutegemea maandishi. Ilibidi watoto waongozwe kwa sauti, picha na vitendo. Mchezo uliotengenezwa kwa ajili ya asiyejua kusoma humfaa pia anayesoma kwa shida.

Kutokana na hayo, na kutokana na miongozo ya kimataifa ya kurahisisha matumizi ya mtandao, inayotolewa na jumuiya ya W3C na kutolewa upya mwaka 2023, kanuni zifuatazo zaweza kupendekezwa.

(a) Muda. Miongozo hiyo inataka mchezaji aweze kuizima saa, au kuirefusha hadi angalau mara kumi ya muda wa kawaida, au kuonywa na kuongezewa muda kabla haujaisha. Sekunde 20 zikizidishwa kwa kumi ni 200, nazo zingemtosha msomaji wa sekunde 150 aliyetajwa hapo juu, na kumbakizia muda wa kufikiri. Lililo bora ni saa kuwa imezimwa tangu mwanzo, na anayeitaka aiwashe. Mtoto hapaswi kuomba ruhusa mbele ya wenzake ili asaidiwe.

(b) Sauti. Swali liwe na kitufe chake cha kusomewa, na kila jibu liwe na chake, ili mchezaji asikilize kimoja kimoja na kurudia apendavyo. Simu nyingi za siku hizi zina sauti ya mashine ya Kiswahili. Lakini kwa chemshabongo ndogo ya darasa, sauti ya mtu iliyorekodiwa ni bora, hasa ya mtu wa eneo lile ambaye huyatamka majina ya Lunga Lunga na Kinango kama wenyeji wayatamkavyo. Faili za sauti zilizobanwa ni ndogo, na zaweza kuhifadhiwa katika simu mara moja ili zisile gharama za intaneti kila siku.

(c) Sura ya maandishi. Herufi ziwe kubwa na zisizo na vijimkia, mistari ianzie kushoto bila ya kulazimishwa kulingana upande wa kulia, na nafasi kati ya mistari ifikie mara moja na nusu ya ukubwa wa herufi. Herufi za mlazo, mistari chini ya maneno na sentensi nzima za herufi kubwa ziepukwe. Mwaka 2012 Marco Zorzi na wenzake walionyesha kwamba watoto wenye disleksia wa Italia na Ufaransa walisoma upesi zaidi na kwa makosa machache zaidi herufi zilipopanuliwa nafasi kati yake. Kuna pia aina za herufi zilizobuniwa mahususi kwa disleksia, kama Dyslexie ya mwaka 2008 na OpenDyslexic ya mwaka 2011. Wapo wanaozipenda, na hapana haja ya kuwanyima. Lakini utafiti haujathibitisha kwamba maumbo yenyewe ya herufi hizo yana msaada. Utafiti wa mwaka 2016 uliona kwamba faida ya Dyslexie ilitokana na nafasi zake pana. Basi asidhani mtu kwamba kwa kubadilisha herufi tu amemaliza kazi.

(d) Lugha ya swali. Swali liwe na jambo moja, na sentensi yake iwe fupi. Ukanushi uepukwe. Unapohitajika, usifichwe ndani ya kitenzi, bali utengwe na kukolezwa: badala ya "Ni mnyama gani asiyekula nyama?" iulizwe "Yupi hula majani tu?" Majibu yatofautiane kwa maana, si kwa herufi, na kila yanapowezekana yasindikizwe na picha.

(e) Kusahihisha. Mashine yaweza kuhesabu ni herufi ngapi zinapaswa kuongezwa, kuondolewa au kubadilishwa ili jibu la mchezaji liwe jibu sahihi, kwa njia iliyoasisiwa na Vladimir Levenshtein mwaka 1965. *Msabweni* inahitaji herufi moja tu iongezwe, basi ipokelewe, na umbo sahihi lionyeshwe. Hapa pana hadhari ya kuchukua. Katika maneno mafupi ya Kiswahili, herufi moja huzaa neno jingine: *paka* na *pata*, *kuku* na *kuke*. Kwa hiyo uvumilivu wa mashine hauna budi kupimwa kwa urefu wa neno, na usitumike pale ambapo kilichoandikwa ni neno jingine lenye maana yake. Kadhalika maumbo ya lahaja na ya lugha jirani, kama *mutu*, yaweza kuorodheshwa na kupokelewa mahali ambapo tahajia siyo inayopimwa.

(f) Gharama ya kushindwa. Mchezaji aweze kujaribu tena, aonyeshwe jibu, na jina lake lisitangazwe mwisho wa orodha. Mtegaji wa kitendawili hudai mji, hadai aibu.

7. Pingamizi na mipaka

Yupo atakayesema kwamba mbio ni sehemu ya mchezo, na kwamba kuondoa saa ni kuondoa utamu. Pingamizi hili lina haki yake. Miongozo ya kimataifa yenyewe huuacha muda mahali ambapo ndio kiini cha shughuli. Swali la kujiuliza ni hili: mchezo huu unakusudia kupima nini? Ikiwa unapima wepesi wa kusoma, saa ni halali na ujitaje hivyo. Ikiwa unapima jiografia ya Kwale, saa ni mgeni aliyeingia bila ya kubisha hodi. Vivyo hivyo kwa tahajia: mchezo unaofundisha kuandika *ng'ombe* hauwezi kukipokea kila kilichoandikwa. Lakini mchezo wa aina hiyo nao waweza kumsaidia mwenye disleksia, mradi umfundishe polepole uhusiano wa sauti na herufi. GraphoGame, uliotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä nchini Finland juu ya watoto walio katika hatari ya disleksia, ulibuniwa kwa kazi hiyo, na umejaribiwa Afrika pia, huko Zambia, kwa Chinyanja.

Pingamizi la pili ni umaskini wa vifaa. Tangu mwaka 2016 serikali ya Kenya iligawa tableti kwa shule za msingi za umma, lakini kuwa na kifaa si kuwa na mchezo unaofaa ndani yake, na nyumba nyingi za vijijini hutumia simu moja. Hilo ni kweli. Ila nyingi za kanuni zilizotajwa hazihitaji kifaa kipya. Kuandika swali fupi, kuondoa majibu ya kutatiza macho, kuongeza muda na kurekodi sauti ya mwalimu ni mambo yanayowezekana kwa simu ya kawaida. Kinachohitajika zaidi ni mtungaji anayeijua lugha.

Wala jambo hili si hisani tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kumwezesha kuvishinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Mwaka 2017 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu vinavyolindwa na hakimiliki kugeuzwa kuwa sauti na maumbo mengine kwa ajili ya wasioona na pia kwa wenye ugumu wa kusoma. Kwa hiyo mtungaji wa mchezo anayetaka kuvigeuza vitabu vya Kiswahili kuwa sauti kwa watu hao ana sheria ya kuegemea.

8. Hitimisho

Imeelezwa kwamba disleksia ipo katika Kiswahili kama ilivyo katika lugha nyingine, ila hujitokeza zaidi kama uchelewaji kuliko makosa. Kwamba urefu wa maneno ya Kiswahili na udogo wa viambishi vyake huongeza uzito wa uchelewaji huo. Na kwamba chemshabongo yenye saa, isiyo na sauti, yenye majibu ya kutatiza na mashine isiyosamehe herufi humhukumu msomaji kwa jambo ambalo haikudai kulipima.

Kazi ya kurekebisha hali hiyo si ya mafundi wa kompyuta peke yao. Wao huijua mashine, lakini si lazima wajue kwamba *si* ya *wasipokuja* imejificha, au kwamba *chitu* ya mtoto wa Kidigo si upotovu. Maarifa hayo wanayo walimu wa Kiswahili na wanaisimu. Idara za lugha zikishirikiana na shule za Kwale zaweza kuanza na jambo dogo: orodha ya maneno yanayotatiza, benki ya maswali yaliyoandikwa kwa lugha nyepesi, na sauti zilizorekodiwa za majina ya mahali. Yakitimizwa hayo, mtoto wa Msambweni atakapokosa swali, mwalimu wake atakuwa na hakika kwamba jambo lenyewe ndilo asilolijua, naye atajua pa kuanzia kumfundisha.